Kigari cha Kutembelea: Tupime Kwanza

Wengi wetu tuna bibi au babu ambaye miguu imechoka. Tukionyeshwa vigari vya kutembelea, tunakimbilia kile kinachong'aa. Tusiharakishe jamani! Kigari kisichomfaa kinamwangusha, na mzee akivunjika nyonga, kusimama tena si mchezo.

Tuanze na njia. Hapa Nyarugusu mvua ikinyesha ni matope, ikikatika ni mashimo. Magurudumu madogo ya sakafu ya hospitali yananasa. Tutafute makubwa, mapana. Tupime pia mlango wa nyumba na wa choo. Kigari kikibaki nje, hatua za mwisho atazipiga bila msaada.

Kisha mwili wake. Asimame wima na viatu vyake, mikono ining'inie: vishikio vifike kwenye kifundo cha mkono. Breki azikaze yeye mwenyewe, siyo mjukuu. Anayeegemea kwa uzito wote asipewe cha magurudumu manne, kitamkimbia. Chenye mawili ya mbele tu ni salama zaidi.

Kikiwa na kiti, ni cha kupumzikia tu, breki zimefungwa. Watoto, msimsukume bibi akiwa amekaa!

Na kabla ya kukichukua, akijaribu mwenyewe. Anayejua miguu yake ni yeye.