Mti Usioweza Kuachwa Siku Mbili

Watu wengi hapa mjini hudhani bonsai ni aina ya mti, kwamba ipo mbegu ya mti mfupi inayouzwa mahali fulani. Hapana, ndugu msomaji. Bonsai ni mti wa kawaida, uwe mkwaju, mbuyu au msonobari, ambao ukiutoa chunguni ukaupanda shambani utakwenda zake juu kama wenzake. Neno ni la Kijapani, maana yake kupanda katika sinia. Wajapani nao waliupata ustadi huu kwa Wachina, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Sasa mti huo unazuiwaje kukua? Hapa ndipo uvumi ulipo mwingi. Nimeambiwa eti hunyimwa maji, eti hupewa dawa. Mti uliomo katika chungu chenye kina cha vidole vinne ukiunyima maji utakufa, na kwa jua la Dar es Salaam la mwezi Februari haufiki mbali. Kinachofanyika ni kupunguza juu na chini kwa kipimo. Majani hutengeneza chakula, mizizi huleta maji. Ukipogoa vyote viwili, mti hubaki na afya bila kupata nafasi ya kurefuka. Kila baada ya miaka miwili au mitatu hutolewa chunguni, sehemu ya mizizi hukatwa, kisha hurudishwa katika udongo mpya wenye changarawe nyingi ili maji yasituame. Matawi huzungushiwa waya na kupindwa taratibu, na waya huondolewa kabla haujauma gome.

Klabu ninayoifahamu haina ofisi wala mhuri. Ni watu wasiozidi kumi na watano wanaokutana uani kwa mmoja wao Jumapili moja ya mwezi. Yupo fundi cherehani mstaafu, wapo wauguzi wawili, yupo kijana wa bodaboda aliyeng'oa mche wake wa jamii ya mkuyu kwenye ufa wa ukuta wa jumba bovu. Mkwaju ndio unaopendwa zaidi, kwa kuwa mbegu zake zimo katika ukwaju wowote wa sokoni na vijani vyake ni vidogo tangu mwanzo. Hili ni jambo kubwa. Shina unaweza kulifupisha, lakini tunda halipungui, na jani hupungua kidogo tu. Mwembe katika sinia ni kichekesho. Mbuyu unafaa, ila ukishapukutisha majani wakati wa kiangazi usiumwagilie kama kawaida, utaoza.

Lakini kilichonipeleka pale ni ubishi. Mwanachama mmoja alifariki akaacha miti kumi na mmoja. Matanga yakawekwa, nyumba ikajaa watu, na hakuna aliyekumbuka vyungu vilivyokuwa juu ya ukuta wa nyuma. Wenzake walikaa kwenye mkeka wakitazamana. Mmoja akanong'ona kwamba miti inakauka. Mwingine akamkemea, aibu gani hii kuuliza habari za vyungu mbele ya wafiwa? Siku ya tano, sita ilikuwa imekufa, mmojawapo ukiwa mkwaju ambao marehemu aliuotesha mwaka aliozaliwa binti yake wa kwanza. Binti huyo ndiye aliyewauliza: mbona hamkusema?

Mimi nasema aliyenong'ona alikuwa na haki. Januari 2019 wezi waliiba miti saba katika bustani moja ya mkoa wa Saitama, Japani, mmoja ukiwa na umri wa miaka 400 hivi. Wenye bustani waliwaomba wezi hadharani angalau wainyweshe maji. Kama mtu anaweza kumwomba mwizi hivyo, rafiki anaweza kumwomba mfiwa kopo la maji.

Mkoani humo humo kipo kijiji cha bonsai cha Omiya, kilichoanzishwa mwaka 1925 na watunza bonsai waliohama Tokyo baada ya tetemeko la ardhi la 1923. Kanuni zao za mwanzo zilimtaka kila mkazi awe na bonsai zisizopungua kumi, na aache lango lake wazi. Upo pia msonobari ulioanza kutunzwa mwaka 1625, ukawa mali ya familia ya Yamaki ya Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoangushwa Agosti 6, 1945, mti ulikuwa kilometa tatu hivi kutoka lilipolipuka, ukakingwa na ukuta. Mwaka 1976 familia iliutoa zawadi kwa Marekani, na watunzaji wa Washington hawakuijua habari ya bomu mpaka mwaka 2001, wajukuu walipofika kuutazama. Karibu miaka mia nne, na kila kiangazi palikuwa na mtu wa kuunywesha.

Klabu yetu sasa ina daftari. Kila mwanachama ameandika idadi ya miti yake, mahali ilipo, na jina la mwenzake mwenye ruhusa ya kuingia uani akiwa safarini, hospitalini au amefariki. Mke au mume hutia saini pembeni. Wawili wamekataa kuandika, wakisema ni kujitabiria kifo, na ubishi juu yao unaendelea.