Fundi wa telefone ya Star Trek hakuandikwa jina

Kule Marekani na Ulaya kuko watu wazima, wenye kazi na wenye watoto, waliolipa karibu dola 150 ili kupata telefone ndogo nyeusi yenye sura ya mwaka wa 1966. Ni mufano wa kitu ambacho waigizaji walikuwa wanashika mukononi katika filme ya televizyo inayoitwa Star Trek, ile ya watu wanaosafiri kati ya nyota na chombo kikubwa. Unasukuma kifuniko na kidole, kinafunguka, kinalia kidogo, na mwenyewe anafurahi kama mutoto wa Noeli.

Musomaji wa Rubaya, wa Numbi ao wa Bisie ataniuliza: sisi wachimbaji tunaingiaka namna gani mule? Tunaingia kwa milango mingi. Wacha nianze na ule wa luga.

Star Trek ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 8 Septemba 1966, mwaka ule Léopoldville ilianza kuitwa Kinshasa. Ndani ya kile chombo kulikuwa mwanamuke mweusi, luteni, kazi yake kupokea na kutuma habari. Anaitwa Uhura. Jina hilo lilitoka katika neno letu, uhuru. Nichelle Nichols ndiye aliyemuigiza, na wakati ule haikuwa kawaida hata kidogo kuona mweusi kwenye televizyo ya Marekani bila kubeba sahani ya mzungu. Usiku ule wa kwanza kabisa, kuko kiumbe cha sayari ingine kinachojigeuza mwanaume mweusi mbele yake, na kinamusemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata, 1967, masini moja inafuta akili yake yote, na kitu kinachobakia kinywani ni Kiswahili tena. Kwa hiyo mababu zetu walipokuwa wanaongea Kiswahili ndani ya shimo, luga hiyo ilishafika kwenye nyota, na hakuna mutu aliyewapasha habari.

Sasa turudi kwa telefone yenyewe. Wenye kukusanya hivi vitu ni watu wa usawa wa kushangaza. Hawataki kitu kinachofanana. Wanataka kile kile. Wanahesabu matundu ya ule wavu wa rangi ya zahabu unaofunika juu. Wanabishana juu ya rangi ya taa tatu ndogo, juu ya unene wa plastiki, juu ya skruvi ya pembeni ambayo pale kwa televizyo hakuna aliyeiona. Kampuni moja ya Uingereza, The Wand Company, ilichukua moja ya zile za zamani, ikaipima pande zote na mwangaza wa laza, kisha ikatengeneza mufano na kuanza kuuuza mwaka wa 2016. Huo mufano unaungana na telefone yako ya mufukoni na unaweza kuongea ndani yake. Ile ya zamani haikuita mutu hata mara moja. Kile kiduara kilichokuwa kinazunguka katikati, mashini yake ilikuwa ya saa ya kupimia mbio za michezo. Hakukuwa coltan ndani, hata punje.

Coltan iliingia nyuma. Mwaka wa 1996 Motorola ilitoa telefone ya kukunja iliyoitwa StarTAC, nayo inafunguka kwa kidole namna ile ile. Kisha telefone zikajaa dunia nzima, na ndani ya kila moja mukawa tuvyombo tudogo twa tantale twa kuwekea umeme, na tantale njo ile tunayotoa katika coltan. Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka wa 2000: bei ilipanda kama moshi, vijana wakaacha mashamba na masomo, na kabla mwaka ulioufuata kuisha bei ikaanguka na watu wakabakia na beshi mukononi. Mwaka wa 2024 Umoja wa Mataifa ulisema kwamba Rubaya peke yake inatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantale ya dunia. Kitu cha mchezo cha 1966 kimekuwa kitu cha kweli, na mikono iliyokifanya kuwa cha kweli ni hii yetu.

Lakini kilichonikalisha chini kuandika si coltan. Ni ule fundi.

Anaitwa Wah Chang. Alizaliwa Honolulu mwaka wa 1917, mutu wa ukoo wa Kichina, na alipokuwa kijana ugonjwa wa polio ulimushika, akatembea na vyuma kwenye miguu. Huyo ndiye aliyetengeneza ile telefone, na kile kisanduku cha kupimia ambacho waigizaji walibeba begani, na vinyama vingi vya kutisha vya ile filme. Mutu mwenye mikono ya ajabu. Kilemba kikubwa alichovaa Elizabeth Taylor katika filme ya Cleopatra, ni yeye. Alifanya kazi pia kwa filme ya 1960 juu ya masini ya kusafiri katika wakati. Ile filme ilipata Oscar ya ufundi, na majina yaliyosomwa ni ya wenzake wawili. Lake halikusomwa.

Kwa Star Trek ilikuwa vile vile. Wah Chang hakuwa mwanamemba wa sendika ya mafundi wa vyombo vya sinema. Sendika ikakataa kazi yake isiingie. Basi wakubwa wa filme wakatafuta njia ya pembeni: wakafanya kama vile yeye alivitengeneza mwenyewe kwake, bila kutumwa na mutu, na wao wakavinunua tu kama mutu anavyonunua sufuria sokoni. Kwa sababu hiyo jina lake halikuandikwa mwisho wa filme pamoja na majina ya wengine.

Mimi ni mutu wa sendika na ningependa kusema kwamba sendika ilikuwa na haki. Nusu yake nakubali: kama tajiri anaweza kumuita yeyote wa inje kila siku, mishahara ya wote inashuka, tunaijua hiyo vizuri. Lakini sendika inayofungia mulango fundi kama yule, mutu wa miguu ya vyuma na jina la Kichina, katika Marekani ya miaka ile, siwezi kuipigia mikono. Mulango ulipashwa kufunguliwa aingie, alipe cotisation yake, atetewe kama wengine. Watu waliofaidika na ule ugomvi ni wenye filme, ambao walipata vyombo na hawakudaiwa jina.

Linganisha na Wakaliga, mutaa wa Kampala ambako wafanyabiashara wetu wanapitaka. Pale Isaac Nabwana anatengeneza filme za vita na pesa kidogo sana, na vyombo vyote, bunduki za uongo na hata helikopta ya vyuma vya takataka, vinatoka mikononi mwa Dauda Bisaso. Wapenzi wa zile filme mpaka Ulaya wanajua jina la Bisaso. Haikuomba pesa mingi kumutaja.

Huko Kinshasa kuko kikundi kinachoitwa Kongo Astronauts, kilichoanzishwa mwaka wa 2013 na Eléonore Hellio na Michel Ekeba. Ekeba anavaa nguo ya musafiri wa anga iliyoshonwa na sahani za ndani ya kompyuta zilizokufa, anatembea nayo kati ya watu na magari. Kwangu mimi hiyo inapita mufano wowote wa dola 150, kwa sababu zile sahani zilitoka katika udongo wetu, zikaenda, zikatumika, zikarudi takataka.

Wakusanyaji wa Marekani wananifunza kitu kingine. Mwezi wa Oktoba 2006 nyumba ya mnada Christie's iliuza vitu vya Star Trek kwa siku tatu huko New York. Chombo kimoja kidogo cha kuonyesha kile kikubwa kilipita dola 570 000. Na mutu mmoja aliyenunua kofia ndogo ya muigizaji kwa karibu dola 6 000 alienda kuionyesha kwa muigizaji mwenyewe, naye akamuambia: hii si yangu. Mununuzi akaenda kushtaki. Kwa kofia! Karatasi ilisema imetoka pale, na mwenyewe anakataa.

Sisi tunajua hadisi ya karatasi. Kwenye mufuko wa coltan tunafungaka etikete ya plastiki yenye namba, ili mununuzi wa mbali ajue mawe yametoka wapi. Mufuko unapita kwa négociant, unapita comptoir, unapanda gari, na namba inafuata. Jina la aliyechimba haliko kwenye ile etikete. Na shimo likianguka, njo pale kasoro inaonekana: wamama wanasimama juu ya udongo, kila mumoja anataja mutoto wake, na hakuna mutu anayeweza kusema asubuhi ile waliingia wangapi na ni nani. Uzito wa mawe umeandikwa. Watu hawakuandikwa.

Kwa hiyo tunaziomba koperative kitu kimoja. Cahier moja kwa kila shimo, na bic imefungwa na kamba: jina, mahali pa kuzaliwa, namba ya telefone ya nyumbani, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Isikae mujini kwa PDG, ikae pale kwa mulango wa shimo, na ashike mutu anayejua kusoma ambaye yeye mwenyewe haingie chini siku hiyo. Na kila jioni mwingine ayaandike upya majina ya siku kwenye karatasi ya pili na kushuka nayo kijijini.