Gunia Lisilo na Kwao

Chukua paketi ya sigara kwenye kibanda chochote cha Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, uitazame stempu ya kielektroniki iliyobandikwa juu yake. Mfumo huo wa Mamlaka ya Mapato (TRA) ulianza Januari 2019. Ukiwa na programu ya Hakiki Stempu kwenye simu, unaimulika stempu na papo hapo unajibiwa kama ni halali. Kisha sogea hadi kwenye gunia la karanga lililofunguliwa mdomo, umuulize muuzaji zimetoka wapi. "Dodoma," atakwambia. Dodoma ipi? Zilivunwa lini, zikalala ghala la nani? Hapo hana la kukujibu, wala si kosa lake. Naye alipewa jibu hilohilo na dalali.

Naona tumeanzia pasipostahili. Karanga na mahindi ndiyo mazao yetu yanayobeba sumukuvu zaidi, na ndiyo yanayosagwa kuwa uji wa watoto. Fangasi wa jina la Aspergillus flavus huota kwenye punje zilizopigwa na ukame shambani au zilizohifadhiwa na unyevu, akatengeneza sumu inayoshambulia ini. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, sawa na gramu moja ndani ya tani 100.

Mnunuzi mzoefu huchoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, punje zikatiririka kiganjani. Anazitazama rangi, anazinusa, anang'ata moja kusikia kama imekauka. Bambo linamwambia mengi kuhusu unyevu, vumbi na wadudu. Kuhusu sumukuvu halimwambii kitu. Sumu yenyewe haionekani, tena haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba mzigo mkubwa na za jirani zikawa safi kabisa. Moto wa jikoni nao hauimalizi.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafariki. Wachunguzi walikusanya sampuli 350 za mahindi na unga kutoka masoko 65, na asilimia 55 zilizidi mikrogramu 20 kwa kilo, kiwango cha Kenya cha wakati ule. Mahindi mabaya ya mashambani yalikuwa yameshaingia sokoni. Mwaka 2016 msiba ulitufika sisi: Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, vifo 20. Kijijini mchunguzi anaweza kuingia nyumbani kwa mgonjwa na kupima mahindi yaleyale yaliyoliwa. Dar es Salaam angeanzia wapi?

Maana njia ya gunia mpaka mjini ni ndefu. Mchuuzi hukusanya debe mbili tatu kwa kila mkulima, Fuso hupakia lumbesa za wachuuzi kadhaa, ghala hupokea za malori kadhaa, na mwenye meza humimina za leo juu ya zilizobaki jana, kisha akapima kwa kisado. Mboga nazo ni hivyohivyo. Watafiti wameshapima mboga zilizomwagiliwa maji ya Mto Msimbazi na kukuta metali nzito kama risasi, lakini mchicha wa bondeni Jangwani ukishafungwa na kupangwa mezani, hakuna jicho linaloutofautisha na uliolimwa mbali na mto huo.

Kazi ya programu za ufuatiliaji ni kurudia njia hiyo kinyumenyume. Ninayoipenda zaidi ni FoodChain-Lab ya taasisi ya BfR ya Ujerumani, programu huria iliyozaliwa na janga. Mwaka 2011 bakteria mkali wa E. coli aliwaugulisha watu zaidi ya 3,800 nchini Ujerumani na kuua 53. Lawama za kwanza ziliangukia matango ya Hispania, na wakulima wasio na hatia wakatupa mazao yao. Mwisho wa yote ushahidi ulielekea kwenye mbegu za uwatu kutoka Misri.

Ndani ya programu hiyo unaingiza nani alimuuzia nani, nini, siku gani. Kila mfanyabiashara anakuwa nukta, kila mauzo mstari. Programu inarudi nyuma kutoka kwa kila mgonjwa na kuipa kila nukta alama, kulingana na sehemu ya wagonjwa ambao mzigo wake ungeweza kuwafikia. Tuseme wagonjwa wako Magomeni, Keko, Buguruni na Tandika: ghala ambalo mistari yake inafika kote huko linapanda juu ya orodha, hata kama hakuna aliyelitaja. Tarehe nazo zinachuja. Mzigo ulioingia ghalani baada ya mgonjwa kula unaondolewa.

Sumukuvu ina ugumu wa ziada. Ikiwa nyingi kwa mpigo huua haraka, lakini kidogokidogo huleta saratani ya ini baada ya miaka mingi, na hakuna risiti inayotunzwa muda wote huo. Kwa hiyo ufuatiliaji wake hauwezi kumngoja mgonjwa. Lazima uanzie maabara: Shirika la Viwango (TBS), lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, likikuta sampuli mbaya, lijue siku hiyohiyo shehena ilitoka wapi na iliyobaki imekwenda wapi.

Vipande vya mfumo tunavyo. Korosho na ufuta hupita stakabadhi ghalani, chini ya sheria ya 2005. Wakulima wamesajiliwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku tangu 2022. Menyu za nyota na reli tunazitumia kila siku hata kwenye kitochi. Msimbomilia wa bidhaa zetu, unaoanza na 620, hutambulisha bidhaa na si bechi, kwa hiyo peke yake hautoshi. Kinachotakiwa ni kila bechi kuwa na namba, na zikichanganywa, mchanganyiko upate namba mpya inayotaja zile zilizoingia ndani yake.

Wapo wanaosema dawa ni blokcheni. Kweli, kampuni ya Walmart ilijaribu kutafuta asili ya pakiti ya maembe: kwa njia za kawaida ilichukua siku 6, saa 18 na dakika 26, kwa blokcheni, sekunde 2.2. Lakini teknolojia hiyo hulinda kilichoandikwa kisifutwe, haihakikishi kuwa aliyeandika alisema kweli. Kwa soko letu, hifadhidata ya kawaida na mizani ya uhakika vitafika mbali zaidi.

Kikwazo kikubwa ni siri ya dalali. Anayemletea mzigo ndiye mtaji wake. Akimtaja hadharani, kesho ananyang'anywa. Hofu hiyo ni ya haki, na mfumo usioiheshimu utajazwa uongo. Sheria ya Ulaya inayotumika tangu 2005 imeizingatia: kila mfanyabiashara anatakiwa kumjua aliyemuuzia na aliyenunua kwake, hatua moja nyuma na hatua moja mbele. Mamlaka pekee ndiyo huunganisha hatua hizo, kunapokuwa na tatizo. Bila hivyo anayeadhibiwa ni kila mtu, kama ilivyokuwa Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yote ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ilifungua mpaka kwa masharti, na mojawapo lilikuwa kila shehena ije na cheti kinachoonyesha ilikotoka.