Mti wa Avo Kwa Compound: Unaweza Kuua Dogi Wako?

Msimu wa avo ukifika, ploti zenye huo mti hazina usingizi. Usiku kucha ni tunda kugonga mabati, asubuhi dogi ndiye wa kwanza kuziokota. Halafu unaingia Google, unaambiwa avo ni sumu kwa mbwa. Sasa mti ukatwe?

Tulia kwanza. Hiyo sumu ipo kweli, inaitwa pesini. Imejaa kwa majani, gome, maganda na kokwa, na kwa nyama ya tunda lililoiva iko kidogo tu. Lakini wanaoumizwa nayo vibaya ni wanyama wengine: kasuku, sungura, mbuzi, ng'ombe, farasi. Mbuzi wa maziwa akidishi majani yake, kiwele kinafura na maziwa yanapungua. Akizidisha, moyo unaharibika. Kwa hivyo kama jirani anafuga sungura hapo nyuma, usimrushie matawi ukidhani umemsaidia na lishe.

Mbwa ni wagumu kidogo. Wengi wanakula avo na hakuna kitu inafanyika. Lakini si leseni ya kumpa kila siku. Mwaka wa 1994 watafiti wa hapa Nairobi waliandika kuhusu mbwa wawili waliopenda avo kupita kiasi, wakapatwa na shida ya moyo na maji kujaa mwilini. Walishuku avo. Ni mbwa wawili tu, lakini mimi hiyo imenitosha.

Noma yenyewe ni kokwa. Ni ngumu, ni telezi, na dogi hajui kutafuna polepole. Ikikwama kooni, anakosa pumzi. Ikipita ikakwama kwa matumbo, hapo ni upasuaji, na bili yake unaijua haiko poa. Kama uko na Japanese Spitz, kokwa ya Fuerte ni kama wewe umeze ngumi. German Shepherd naye anaimeza bila hata wewe kujua.

Halafu kuna mafuta. Dogi akijibamba na avo tano kwa mpigo anaweza kuendesha na kutapika, ama kongosho ifure, na hiyo ni maumivu mbaya.

Na ile kachumbari ya avo iliyobaki kwa sahani? Usimpe kabisa. Vitunguu vinaharibu damu ya mbwa, na hapo hata avo si shida tena.

Dalili za kucheki: anatapika tena na tena, amekataa dishi, tumbo limekuwa gumu, anajikaza kunya na hakuna kitu inatoka, ama anapumua kwa shida. Ukimwona amemeza kokwa, usingoje hizo dalili, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usimtapishe mwenyewe na maji ya chumvi vile wasee hushauriana. Kokwa inaweza kukwama ikirudi juu, na chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwake.

Mti wacha usimame. Okota zilizoanguka kila asubuhi kabla hujamfungulia, funika pipa la taka, na kama ni puppy anayetafuna kila kitu, zungushia shina waya mpaka akomae. Caretaker akilalamika kuhusu waya, mpe avo mbili.