Mnaouliza kuhusu digrii ya pili ya biashara ya michezo: someni hapa kabla hamjauza kiwanja

Tangu niliposema kwamba nimesomea biashara na uongozi wa michezo, kila wiki napata barua pepe zilezile: "Kaka, na mimi nataka kwenda, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Leo najibu wote kwa mpigo. Najua wengine mko kafe na dakika zinakimbia, kwa hiyo lile la muhimu naliweka mbele kabisa: usilipe hata senti tano ya ada mpaka umefanya kazi kwenye michezo mwaka mmoja au miwili, hata kama ni kazi ya bure. Mimi nililipa kwanza, na yaliyonikuta nitawasimulia.

Hii elimu ni nini hasa? Wengi wanadhani ni ukocha. Mzee wangu mwenyewe aliniuliza, "Mwanangu, mpira nao unasomewa mpaka digrii ya pili?" Hufundishwi kupanga mabeki wanne, bwana. Unafundishwa yale yanayofanya mechi ichezwe na klabu iamke hai kesho yake: bajeti, mikataba, tiketi, udhamini, haki za televisheni, uendeshaji wa uwanja, sheria. Walioanza ni Wamarekani. Mwaka 1957 Walter O'Malley, mwenye timu ya besiboli ya Dodgers, akiwa mbioni kuihamisha kutoka Brooklyn kwenda Los Angeles, alimpa wazo mwalimu wa chuo aitwaye James Mason: pawe na mahali pa kufundishia watu wa kuendesha timu. Wazo likakaa miaka 9, kozi ikafunguliwa Chuo Kikuu cha Ohio mwaka 1966. Ulaya walichelewa. Chuo Kikuu cha Liverpool kilianzisha masta yake ya biashara ya soka mwaka 1997, na ile maarufu ya FIFA ikaanza mwaka 2000.

Na kwetu kuna kitu cha kusomea? Kipo. Mei 2021 Azam walisaini na TFF mkataba wa kuonyesha ligi wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Desemba 2017 Mo Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya hisa za Simba kwa dau la bilioni 20, serikali nayo ikasisitiza wanachama wabaki na asilimia 51. Vijiweni tulibishana mwezi mzima kama bilioni 20 ni nyingi au kidogo. Mimi nilikuwa mbishi namba moja, wala sikujua thamani ya klabu inapigiwaje hesabu.

Sasa habari yangu. Nilimaliza digrii ya kwanza ya biashara, sina kazi, nina mapenzi na mpira. Nikaangukia kwa wakala mmoja mjini, ofisi ina kiyoyozi na bendera ya Uingereza mezani. Wiki mbili tu barua ya udahili ikatoka! Nikajiona mjanja. Wadau, barua ya udahili si muujiza. Vyuo vingi vya kule vinahitaji wanafunzi wa nje kwa sababu sisi tunalipa zaidi ya wenyeji, na ada ya masta za aina hii kwa mgeni mara nyingi iko kati ya pauni 15,000 na 25,000. Kukubaliwa ndiyo hatua rahisi kuliko zote.

Mzee akauza kiwanja cha Mbagala. Hakukiuza kwa kulazimishwa, aliamini. Pesa ikaingia benki, nikalipa kianzio chuoni, nikampa wakala chake, nikapeleka maombi ya viza. Nikanyimwa. Sababu ilikuwa sentensi moja: pesa ya kuonyesha lazima iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, yangu ilikuwa na siku 9. Sharti hilo limeandikwa wazi, mtu yeyote anaweza kulisoma. Wakala hakuniambia, nami sikusoma, nilimwachia yeye kila kitu. Nilipompigia akawa hapatikani. Kianzio kilirudi nusunusu, kingine kikaliwa na makato. Mzee hakunisema hata neno, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Kile kiwanja sasa kina nyumba ya ghorofa moja. Nikipita na daladala huwa natazama upande wa pili.

Basi, nikaenda kujitolea kwenye klabu moja ya hapa mjini, sitaitaja. Kazi ya kwanza ilikuwa kusimama getini kuhesabu vipande vya tiketi. Miezi mitatu nikaona jambo: geti moja lilikuwa linaleta vipande pungufu kila mechi kubwa, wakati jukwaa lake linajaa. Nikaanza kuandika kwenye daftari, tarehe, mechi, geti, idadi. Sikumshtaki mtu. Nilimpelekea katibu daftari, akabadilisha watu wa geti, mapato yakapanda. Kazi yangu ikahamia ofisini, kwenye mafaili ya usajili, na posho ya nauli juu.

Daftari hilo ndilo lililonipeleka ughaibuni. Kuna ufadhili wa serikali ya Uingereza unaitwa Chevening, unalipa ada, nauli na pesa ya kujikimu kwa masta ya mwaka mmoja. Kuomba ni bure, hakuna wakala, unajaza mwenyewe kwenye tovuti yao. Maombi hufunguliwa kama Agosti na kufungwa kwenye Oktoba au Novemba, cheki tarehe kila mwaka. Wanataka uwe na digrii ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wanaouhesabu kuwa saa 2,800. Kujitolea kunahesabika. Rudieni sentensi hiyo. Ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani ukae miaka miwili. Mara ya kwanza niliandika insha kuhusu ndoto zangu na upendo wangu kwa soka tangu utoto. Sikuitwa hata kwenye usaili. Mara ya pili niliandika kuhusu geti na vipande vya tiketi. Nikaitwa.

Darasani sitawachosha na kila somo. Hesabu za fedha zilinitesa, masoko yalikuwa mepesi, historia ya michezo nilidhani ni ya kujazia kumbe ndiyo inayoeleza kwa nini klabu za Uingereza ni kampuni tangu karne ya 19 na zetu ni vyama vya wanachama. Ila kuna siku moja ya somo la sheria sitaisahau.

Mwalimu alikuwa anaeleza malipo ya mshikamano. Iko hivi: mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda nchi nyingine wakati mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zote zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi ule wa 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una asilimia 0.25 ya bei, na kila msimu kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Mchukulieni Mbwana Samatta. Januari 2020 alitoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa. Kabla ya Ulaya alipita TP Mazembe ya Kongo, na kabla ya hapo alikuwa African Lyon na Simba, bado kijana mdogo. Tuseme kwa mfano tu mchezaji wa namna hiyo ameuzwa euro milioni 10. Klabu iliyokaa naye msimu mmoja akiwa na miaka 17 inastahili euro 50,000. Mmoja tu! Na akiuzwa tena nchi nyingine hesabu inaanza upya. Kwa klabu ya daraja la kwanza huko kwetu hiyo ni nauli za msimu na mishahara inabaki.

Lakini haiji kwa maombi. Ni lazima pawe na kumbukumbu ya usajili inayoonyesha kijana alikuwa kwenu kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani. Na ukidai, usichelewe: miaka miwili ikipita tangu deni lianze, FIFA hawasikilizi. Tangu Novemba 2022 wana kituo cha malipo kinachogawa pesa hizo chenyewe kwa kufuata pasipoti ya elektroniki ya mchezaji, ila pasipoti hiyo inatengenezwa kwa taarifa zinazotoka huku kwetu. Msimu usioandikwa hauna wa kuulipia.

Nikiwa nimekaa pale mwili ukapata ganzi. Kwenye ile klabu yangu palikuwa na kijana tuliyemlea misimu minne, akaenda nje, halafu akauzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa pesa ndefu. Fomu zake nilizishika mimi mwenyewe. Zilikuwa kwenye boksi chini ya dirisha, masika zikalowa, tukazitupa. Hakuna aliyejua zilikuwa pesa. Usiku ule nilipiga hesabu ya tarehe mara tatu. Miaka miwili ilikuwa imepita na miezi mitano juu.

Sasa ndiyo mnaelewa kwa nini nasema anzeni na kazi. Wenzangu waliotoka shule moja kwa moja waliandika somo lile daftarini wakafaulu mtihani. Mimi liliniingia kwa sababu nilikuwa na boksi kichwani.

Kuhusu njia nyingine. Ile ya FIFA niliyoitaja inaendeshwa na CIES ya Neuchâtel, Uswisi. Unasoma historia na jamii De Montfort, Leicester, kisha uongozi SDA Bocconi, Milan, kisha sheria Neuchâtel. Wanachukua watu wapatao 30 tu kwa mwaka kutoka dunia nzima. Park Ji-sung, yule wa Manchester United, alihitimu pale mwaka 2017. Ni ghali na ushindani wake ni mkali, japo wana nafasi chache za ufadhili. Mliomo kwenye vyama vya riadha, ngumi, netiboli na kadhalika, ulizieni MEMOS. Inaungwa mkono na mfuko wa mshikamano wa Olimpiki, unasoma kwa vipindi huku ukiendelea na kazi, na kazi yako ya mwisho ni mradi wa chama chako mwenyewe. Kupata ufadhili wake lazima kamati ya Olimpiki ya nchi yako ikupendekeze. Bila kuwa ndani ya chama, nani atakupendekeza? Na asiyetaka kusafiri asidharau vya nyumbani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na kuna chuo cha michezo Malya kule Mwanza.

Mtaniuliza, je, nimerudi nikapata kazi? Miezi saba nilikaa bure. Klabu nyingi bado zinaajiri kwa kujuana, na kiongozi mmoja aliniambia usoni kwamba msomi ataleta maneno mengi. Kilichonivusha ni wale niliosoma nao, mmoja alinipa kazi ya muda ya kupitia mikataba, ndipo nikaitwa nilipo sasa, kwenye usajili. CHAN ilipochezwa kwetu, Kenya na Uganda Agosti 2025, watu wa vitambulisho, tiketi na kujitolea walihitajika, na AFCON ya 2027 nchi hizi tatu zilipewa tangu Septemba 2023. Usisubiri masta kuingia kwenye foleni hiyo.

Wiki hii nenda klabu iliyo karibu nawe, hata ya mchangani, omba kupanga mafaili ya vijana. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyoingia, siku aliyotoka, na nakala ya pili iwe nje ya boksi.

Wenye maswali ya insha na ya viza mwageni hapo chini, nitajibu jioni nikitoka kazini. Wanaotaka koneksheni ya wakala, sina. Nawasilisha.