Kabla ya Kuongeza Chumba, Litazame Jua

Mtu akipata fedha za mavuno au akiba ya mshahara, mara nyingi fikira yake ya kwanza ni kuongeza chumba nyumbani. Hilo ni jambo jema, maana watoto hukua, na wazee wetu huja kukaa nasi. Lakini twaona vyumba vingi vilivyojengwa kwa haraka, ambavyo mchana havikaliki kwa joto na usiku havilaliki kwa baridi. Kisha mwenyewe hununua feni, taa huwashwa mchana kweupe, na kila mwezi fedha zamtoka. Makosa hayo nayajua vema, kwa kuwa niliyafanya mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilimjengea mama yangu chumba ubavuni mwa nyumba yetu huko Makueni. Nilichagua upande wa magharibi kwa sababu tu mahali hapo palikuwa tambarare. Nikaweka dirisha moja kubwa lililoelekea machweo, nikaezeka mabati matupu bila dari. Siku ya kuhamia, majirani walikuja tukanywa chai, na wote wakakisifu. Juma la pili, niliporudi kutoka kazini, nilimkuta mama ameketi juu ya mkeka wake chini ya mwembe.

“Mwanangu,” akaniambia, “chumba chako ni kizuri, lakini tangu saa nane mpaka usiku ni tanuri. Nyumba ya nyasi aliyonijengea baba yako haikuwa na kioo dirishani, lakini mchana nililala.”

Maneno hayo yaliniingia. Nikamwendea mwashi mmoja mzee, naye akaja, akasimama uani saa kumi alasiri, akanionyesha kosa langu bila hata kuingia ndani.

Jua na ukuta

Nchi yetu ya Kenya imepitiwa na mstari wa Ikweta. Kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu ya paa, likielekea kidogo kaskazini mwezi wa Juni, na kidogo kusini mwezi wa Desemba. Lakini asubuhi na alasiri hulala chini, likapiga kuta za mashariki na magharibi uso kwa uso. Ukuta wa magharibi ndio unaoumia zaidi, kwa kuwa hupigwa wakati hewa nayo imekwisha kupata joto la siku nzima.

Basi yafaa kuta ndefu za nyumba zielekee kaskazini na kusini, na madirisha yawe katika kuta hizo, yakitazamana ili upepo upite. Upenu wa paa upitilize ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, upate kuutia kivuli na kuukinga na mvua.

Bati nalo hupokea joto upesi na kulishusha juu ya vichwa vya watu. Usiku hupoa upesi vilevile. Dawa yake ni dari, pamoja na matundu yenye wavu juu ya dari, karibu na kilele cha paa, ili hewa ya moto ipate njia ya kutoka. Rangi nyeupe juu ya mabati hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Mambo haya si mageni. Wazee wa Lamu walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, na njia nyembamba zenye kivuli, kabla umeme haujajulikana.

Nilifanya kama nilivyoshauriwa. Tuliziba dirisha la magharibi, tukafungua mawili madogo kaskazini na kusini. Tukaweka dari, tukapaka bati rangi, na upande wa machweo tukaongeza kibaraza chenye paa. Mama alirudi chumbani mwake. Lakini chumba kimoja nilikilipia mara mbili, na fedha za mara ya pili zilikuwa zimewekwa kwa karo ya shule.

Tofali lisilokula kuni

Chumba kile nilikijenga kwa matofali ya kuchoma, na sikufikiri ni miti mingapi iliyoingia katika tanuri lile. Siku hizi iko njia nyingine: matofali ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, ambayo hayahitaji moto hata kidogo. Yale yenye meno hushikana yenyewe, na hupunguza sana saruji ya kuungia.

Lakini si kila udongo unaofaa. Chimba chini ya udongo wa juu wenye mizizi, kwa maana huo haufai. Na ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi uuache kabisa. Tengeneza kisanduku cha urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, ukijaze udongo uliolowa, ukaushe, kisha upime umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa kidogo, sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 18 za udongo yaweza kutosha. Ukisinyaa sana, saruji haina budi kuongezwa, hata sehemu 1 kwa 12. Matofali yakiisha kushindiliwa, yafunike kivulini na kuyamwagia maji kwa siku 7 au zaidi. Wengi huharibu kazi hapa kwa kukosa subira.

Maji, mwanga na jiko

Paa jipya ni shamba la maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 60, mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 36,000; hata ikipotea sehemu moja ya tano, zinabaki karibu lita 29,000. Basi weka mifereji na tangi wakati fundi angali juu ya ngazi.

Kuhusu taa, hesabu ni nyepesi. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, hula yuniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 haifiki yuniti moja na nusu.

Mwisho ni jikoni, ambako wengi wetu hupafikiria fedha zikiisha. Moshi huumiza mapafu ya mama na watoto wadogo kuliko ya baba anayekaa sebuleni. Jiko la udongo lililofungwa vizuri, lenye bomba la kutolea moshi, pamoja na kuni zilizokauka, huokoa kuni na afya pia.

Ndugu msomaji, kabla hujamwita fundi, chukua kiti ukae uani siku moja tangu asubuhi mpaka jioni, utazame jua linapopita na upepo unapotoka. Kisha mwulize atakayelala humo. Mimi sikumwuliza mama, na neno lake moja lingaliniokolea karo ya muhula mzima.