Vigeuzi vya Majina ya Kielvi ni Uzushi

"Mwalimu, jina langu kwa Kielvi ni lipi?" Nimechoshwa na swali hili. Mara nyingi muulizaji amekwisha kupewa jibu na kigeuzi cha majina mtandaoni, na anataka tu nilithibitishe kabla hajalichora mwilini. Silithibitishi.

Kwanza, Kielvi kipi? J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyebobea katika Kiingereza cha kale, alitunga ukoo mzima wa lugha za maelvi, viumbe wa hadithi zake. Mbili ndizo alizozikuza zaidi: Kikwenya, kilichochota ladha yake katika Kifini, na Kisindari, kilichofuata sauti za Kiwelisi. Msamiati wa Kikwenya alianza kuuandika yapata 1915, takriban miaka 40 kabla ya riwaya yake The Lord of the Rings kuchapishwa.

Alifanya kazi kama mwanaisimu. Alianza na mzizi wa kale, kisha akaupitisha katika kanuni za mabadiliko ya sauti, kila lugha kwa njia yake. Mti katika lugha mama ya hizo mbili ni "galada". Kikwenya kikaangusha g ya mwanzo na irabu ya kati, tukapata "alda". Kisindari kikabaki na g, kikaangusha irabu ya mwisho na kulainisha d, tukapata "galadh". Hapo hapana kubahatisha.

Kigeuzi kinafanya nini? Kinapewa jina Rehema, kinatazama herufi au tarehe ya kuzaliwa, kisha kinachomoa neno tamu kwenye orodha. Maana ya Rehema hakiijui, wala hakijui kinasema Kikwenya au Kisindari. Kinachotoka hakina mzizi wala kanuni. Ni kumdhulumu mtu aliyezisahihisha lugha hizi hadi uzeeni.

Wengine huchanganya herufi na lugha. Tengwar ni mwandiko tu aliobuni Tolkien, huandika lugha yoyote. Maneno yaliyo kwenye Pete ya riwaya hiyo yameandikwa kwa tengwar, lakini lugha yake ni ya Mordor, nchi ya adui wa maelvi. Wapo wanaoyachora kifuani wakidhani ni Kielvi!

Njia halali zipo. Kama jina lina maana, itafute maana hiyo: Nuru kwa Kikwenya ni "cala". Au liandike lilivyo kwa tengwar: mtindo wa Kikwenya una herufi moja moja za mb, nd na ng, na irabu hukaa juu ya konsonanti iliyoitangulia, hivyo silabi zetu hutulia vizuri. Ukitaka kujifunza, soma matini za Tolkien mwenyewe, kisha majarida ya Parma Eldalamberon na Vinyar Tengwar yaliyochapisha daftari zake. Mazungumzo ya Kielvi katika filamu za Peter Jackson za The Lord of the Rings yaweke kando; mengi yalitungwa na mwanaisimu David Salo. Ufasaha wa kupiga soga usiutarajie, kwani Tolkien aliacha mapengo mengi.

Kabla hujamlipa mchora chale, uliza neno hilo ni la lugha ipi na mzizi wake ni upi. Asiyeweza kukujibu hana Kielvi cha kukuuzia.